Mikono ya Mama Mkwe Ilijua Kabla Yetu

Mtoto wetu wa tatu, binti ambaye leo tunajua ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema hauongozi misuli sawasawa, alizaliwa Novemba 2019, saa tisa za usiku, baada ya mama yake kushikwa na uchungu siku moja na nusu. Hakulia. Nilikuwa nje ya chumba cha kujifungulia nimeegemea ukuta, na nilichosikia ni viatu vya wauguzi wakienda mbio. Alilazwa siku sita pamoja na watoto wachanga mahututi, mrija puani, na siku ya pili mwili wake wote ukatukutika. Siku ya saba tukaruhusiwa kurudi nyumbani Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Tuliambiwa mtoto ni mzima, tumpeleke chanjo kama kawaida. Tukamfanyia akika, tukamshukuru Mungu, tukadhani shida imekwisha.

Kuna jambo hatukuambiwa siku ile, na leo namwambia kila mzazi anayenisikiliza. Mtoto ambaye hakulia alipozaliwa, au aliyetukutika siku za mwanzo, au aliyezaliwa kabla ya siku zake, au aliyepatwa na manjano makali, anatakiwa aangaliwe ukuaji wake kwa makusudi mwezi baada ya mwezi, hata kama ananyonya na kunenepa. Chanjo ni chanjo tu. Ukipewa ruhusa ya kutoka hospitali bila kuambiwa lolote, simama hapo hapo uulize: nimrudishe lini aangaliwe anavyokua, na nimrudishe kwa nani?

Mama mkwe alikuja kutoka Kwale kumwangalia mke wangu arubaini yake. Kila asubuhi aliketi mkekani, miguu ameinyoosha, mtoto kamlaza juu ya mapaja, mafuta ya nazi kwenye kisahani pembeni, anamkanda. Huyu mama amekanda watoto wa ukoo mzima, wakwe na majirani. Wiki ya sita akamwita mke wangu: "Njoo ushike hapa." Akauchukua mkono wake akauweka juu ya paja la mtoto. "Mtoto ukimkanda hulegea. Huyu nikimkunjua anajikunja. Na tazama gumba, halitoki ngumini." Mke wangu alijaribu kulitoa. Lilirudi ndani ya ngumi kama limefungwa kwa mpira.

Usiku aliponieleza, nilimwambia Mama anamtia hofu bure. Mama mkwe hujibishani naye, kwa hiyo sikumwambia yeye neno. Nilinyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kumpuuza. Kliniki ya mwezi wa tatu mke wangu aliuliza, akajibiwa watoto hawafanani, wengine huchelewa. Jibu hilo lilinifurahisha. Nililibeba kama cheti.

Kisha ikaja korona. Mama mkwe alikuwa amesharudi kwao, na tarehe 8 Aprili 2020 Mombasa na Kwale zikafungwa. Miezi mitatu ile mikono iliyojua haikumgusa mtoto. Sisi tuliokuwa naye tulimwona kila siku, na mtu unayemwona kila siku humwoni anavyobaki nyuma. Miezi sita, shingo haijakaza. Alikuwa mtulivu mno, watu wakasema ana heri huyu, hasumbui. Kumnyonyesha kulichukua saa nzima. Nepi ikibadilishwa, miguu ilijipishanisha kama mkasi.

Vizuizi viliondolewa Julai. Mama mkwe akafika, akaosha mikono, akamchukua mjukuu wake. Hakumkanda. Alimkalisha mapajani, kichwa kikaanguka nyuma, akakidaka. Akakaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Kesho tunavuka."

Nataka mzazi mwenzangu azijue alama hizi bila kungoja kuambiwa. Mtoto wa miezi minne ambaye shingo bado inaanguka, aangaliwe. Ambaye amefika miezi tisa na hawezi kukaa mwenyewe, aangaliwe. Ambaye ametimiza mwaka na nusu hatembei, au hana hata neno moja, aangaliwe. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, huyo si kwamba amezaliwa na mkono wa shoto, huenda ule mkono wa pili una tatizo. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa anajua jambo kisha akalisahau, huyo hata wiki moja usimsubiri. Kile kijitabu cha mama na mtoto tunachopewa kliniki kina ukurasa wa ukuaji. Chetu kilikuwa kimejaa mihuri ya chanjo na ukurasa ule ulikuwa mtupu, nami sikuwahi kuufungua.

Hospitali ya serikali tuliyokwenda Agosti, daktari alimpima vizuri, akauliza habari za kuzaliwa kwake, akaandika karatasi. Alisema tufanye picha ya kichwa. Tuliposikia "picha ya kichwa" masikio yetu yaliziba kwa mengine yote. Bei tuliyopewa ilikuwa shilingi 9,500, na wakati ule tuktuk ilikuwa inaniletea 500 kwa siku nzuri, maana watu hawatembei. Tukaamua kuzitafuta kwanza. Tuliamini kwamba bila picha hakuna jina la ugonjwa, na bila jina hakuna tiba. Karatasi tukaiweka chini ya godoro.

Katika kungoja huko ndiko tulikopotea zaidi. Septemba mtoto akaanza kutukutika tena. Jirani akasema ni nyuni, ndege amempitia. Tukampeleka kwa mganga, akafukizwa, akavalishwa hirizi, tukatoa shilingi 6,000 na mbuzi. Siwabezi waliotupeleka, walitupenda, na mtu akiona mwanawe anageuza macho hushika hata unyasi. Dua tuliomba na bado tunaomba. Lakini degedege isiyo na homa inayojirudia ni kifafa, na kifafa kina dawa ya bei nafuu hospitalini. Wiki tatu za moshi huenda zilikuwa wiki tatu za ubongo wake kuumia zaidi.

Oktoba, kliniki moja ya kulipia ikatuambia ina sindano za kuamsha ubongo. Sindano kumi, shilingi 1,800 moja. Nilikopa. Zilipokwisha mtoto alikuwa vilevile, ila mapaja yalikuwa yamevimba. Nimeuliza madaktari wengi tangu hapo. Zipo dawa za kuzuia kifafa, zipo za kulegeza misuli iliyokakamaa, na daktari mwenye ujuzi huziandika kwa sababu maalumu. Dawa ya kuirudisha sehemu ya ubongo iliyokosa hewa haipo. Anayekuuzia, anakuuzia hamu yako mwenyewe. Zile shilingi 18,000 ni mazoezi sitini kwa bei tuliyokuja kulipa baadaye, shilingi 300 kila mara. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi nikiwa nangoja abiria, na kila nikiipiga inaniuma.

Desemba wauguzi na matabibu wakagoma nchi nzima, mgomo ukaenda mpaka Februari. Machi 2021 hatimaye tulikuwa na pesa ya picha. Mke wangu akaitoa ile karatasi chini ya godoro, tukavuka feri, tukaipeleka dirishani. Karani akaigeuza. "Na huku nyuma mlikwenda?" Nyuma kulikuwa na mstari mmoja wa mkono wa daktari: apelekwe mazoezi ya viungo. Tarehe ya Agosti.

Tulipelekwa kwa daktari wa mazoezi, dada mmoja wa makamo. Alimlaza mtoto kwenye godoro la plastiki, akamgeuza, akamwinua mikono, akamtazama anavyojikunja. Nikamwambia picha ndiyo tunakwenda kuifanya leo, kwa hiyo bado hatujui ana nini. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Baba, sihitaji picha kujua kwamba shingo haijakaza. Ningeanza naye siku ile ile." Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minne.

Picha tulifanya, na jina likapatikana: mtindio wa ubongo, ambao pale hospitalini kila mtu anauita si-pi. Jina lilitusaidia kujieleza kwa ndugu. Mazoezi aliyopewa siku moja kabla ya jina na aliyopewa siku moja baada ya jina yalikuwa yale yale. Iwe ni mtindio wa ubongo, usonji, hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down, au kuchelewa tu ambako bado hakuna anayejua sababu yake, mtoto asiyekaa afundishwe kukaa, asiyeongea asaidiwe kuwasiliana, na kazi hiyo inaanza siku uliyoona dalili. Miaka mitatu ya mwanzo ubongo wa mtoto bado unajijenga kwa kasi ambayo haurudii tena. Sisi katika hiyo mitatu tulichoma mwaka mzima na zaidi. Vipimo viwili ndivyo ambavyo ningesema usivichelewe kabisa, masikio na macho. Mtoto anayechelewa kuongea huenda hasikii tu. Wetu anasikia vizuri, lakini jicho moja lilikuwa linakwenda kando na hatukuwahi kulitilia maanani.

Hapa lazima niseme kuhusu mimi. Baada ya siku ile ya kwanza sikurudi tena kwenye mazoezi. Nilijiambia natafuta riziki. Kweli nilikuwa natafuta, lakini pia nilikuwa nakimbia. Kwa upande wetu kulikuwa na waliosema damu hiyo imetoka kwa akina mke wangu, na mmoja akanishauri nioe mwingine nipate watoto wazima, kana kwamba wakubwa wake wawili si wazima. Sikumjibu. Nikaanza kuegesha tuktuk steji mpaka saa nne za usiku, hata abiria wakiisha.

Kila Jumatano mke wangu alimbeba mtoto mgongoni kwa leso, akashuka mteremko wa feri kwenye msongamano wa asubuhi, akapanda matatu ng'ambo, akangoja foleni, akarudi jua la mchana. Feri haimtozi anayetembea kwa miguu, lakini mtoto aliyekakamaa ana uzito ambao mizani haionyeshi. Mgongo ukaanza kumuuma. Hakuniambia, au aliniambia sikusikia.

Jumatano moja ya Juni alikuja steji. Nilikuwa na wenzangu. Alinikabidhi mtoto, mfuko na chupa ya uji, akasema, "Leo zamu yako," akaelekea zake barabarani. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa dada yake Timbwani akalala mpaka jioni.

Nilikaa kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk na mwanangu. Nilikuwa sijui hata namna ya kumshika. Nilimlaza chali mapajani, nikammiminia uji kwa kijiko kama nilivyoona watu wakiwalisha wagonjwa. Akakohoa mpaka akageuka rangi. Mzee mmoja wa steji ndiye aliyemwinua akampigapiga mgongoni. Nilitetemeka mikono kwa muda mrefu baada ya hapo. Mtoto wangu mwenyewe, mwaka na miezi saba, na sikuwa najua anavyokula.

Wiki iliyofuata nilivuka naye mimi. Nilimweleza yule dada wa mazoezi yaliyotokea. Hakunilaumu. Alinipa kikombe cha maji. "Kaa hapa, Baba. Tazama juu darini. Usishushe kichwa. Sasa kunywa." Nikanywa, maji yakanipalia, yakanitoka puani. Akangoja nimalize kukohoa. "Ndivyo anavyohisi kila mlo."

Akanionyesha. Mtoto anakaa wima, nyonga zimerudi nyuma kabisa, miguu ina pa kukanyagia, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Kijiko kidogo, kinatoka mbele na chini, hakitoki juu. Unakigusisha mdomoni na unangoja afunge mwenyewe. Usimkwangulie uji kwenye meno ya juu. Unangoja ameze, ndipo uje wa pili. Uji uwe mzito kidogo kuliko tulivyouzoea, maana mwepesi hukimbilia njia ya hewa, na chakula kikiingia mapafuni ndipo vichomi visivyoisha vinapotoka. Mwanangu alikuwa ameugua kifua mara nne mwaka ule. Tangu tulipobadilisha ulishaji ameugua mara moja tu.

Jambo la pili alilonifundisha ni hesabu. Pale hospitalini tunapata nusu saa kwa wiki. "Mimi nina nusu saa," alisema, "nyinyi mna wiki yote." Tangu hapo mazoezi yakaacha kuwa kitu cha Jumatano yakawa ndani ya siku. Akiogeshwa kwenye karai, gumba linatolewa ngumini kwa kulisukuma kutoka kwenye shina lake, hulivuti kwa ncha. Akibebwa, anabebwa kiunoni, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, ili ile mikasi ifunguke. Leso aliyobebewa mgongoni na mama yake kumbe ilikuwa inafanya kazi nzuri muda wote. Leso ya pili tunaikunja kama gogo, tunamlaza kifudifudi kifua juu yake, mbele yake tunaweka chupa yenye maharagwe. Mwanzo alilia baada ya dakika moja. Kaka yake alikuwa analala chini uso kwa uso naye, anamfanyia vituko. Kufika Septemba alikuwa anainua kichwa kumtafuta kaka yake, na Desemba 2021 shingo ilikaza. Miaka miwili na mwezi mmoja. Mama mkwe tulimpigia simu usiku ule ule.

Usimwache mtoto chali anatazama mabati siku nzima kwa sababu hasumbui. Asiyesumbua ndiye anayesahaulika. Na umsemeshe, kisha ngoja jibu. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Wetu hasemi maneno bado, ila tulipojifunza kungoja tuligundua anajibu siku zote. Akitazama juu ni ndiyo. Akifumba macho ni sitaki.

Kuhusu dawa ya kifafa, nilifanya kosa ambalo lingemuua. Alipokaa miezi mitatu bila kutukutika, dawa ilipoisha sikununua nyingine. Siku ya tano akatukutika kwa muda mrefu, tukakimbizana naye usiku kutafuta gari. Dawa hiyo haikatizwi ghafla, daktari ndiye anayeipunguza kidogo kidogo. Akishikwa, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Ikizidi dakika tano, hospitali.

Kiti ndiyo hadithi nyingine. Niliona kiti cha watoto kama hawa, nikaenda kwa seremala nikamwambia atengeneze kikubwa kidogo ili akue nacho. Shilingi 3,500. Mtoto akazama ndani yake, akainamia upande mmoja, miguu inaning'inia. Kiti hakinunuliwi kama sare ya shule. Kinapimwa: upana wa nyonga, urefu kutoka makalio mpaka nyuma ya goti, goti mpaka kisigino. Kisichomkaa humpinda uti wa mgongo. Kiti cha kwanza kilichomfaa nilikitengeneza mwenyewe kwa maboksi, tabaka juu ya tabaka, nikayagandisha kwa uji wa unga wa ngano, nikakausha juani siku nne, nikakipaka rangi. Gharama yake haikufika 400. Kilidumu mwaka na miezi kadhaa. Naweka uzi kwenye sanduku la tuktuk, una mafundo matatu, kila fundo ni kipimo chake.

Wakati wa kampeni za 2022 tulipewa kiti cha magurudumu mbele ya kamera. Kilikuwa cha mtu mzima. Tulishukuru, tukapigwa picha, na nyumbani kikawa cha kuwekea nguo. Ukipewa, pokea kwa heshima, lakini usimkalishe mtoto humo mpaka mtu wa mazoezi akione. Sisi baadaye tulielekezwa kwa APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, ambao wana kituo cha tiba ya viungo Port Reitz na wamefanya kazi hii nchini tangu 1958. Ni mbali kutoka Likoni, matatu mbili baada ya feri, lakini kule watu walimpima mwanangu kabla ya kutaja kifaa chochote.

Kuandikishwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nilikupinga miaka miwili. Niliona kama kutia sahihi kwamba nimemkatia tamaa. Mke wangu alikuwa anataka, mimi nasema ngoja, huenda akatembea. Kadi haimzuii mtoto kutembea. Inahitaji tathmini ya madaktari katika hospitali ya serikali, na kabla ya hapo cheti cha kuzaliwa, ambacho sisi tulikuwa hatujakichukua kwa uzembe, kwa hiyo tukapoteza miezi mingine. Anza na cheti. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ingawa kuingizwa kwenye orodha kunataka subira na kufuatilia kwa chifu na maofisa wa ustawi wa jamii. Na tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, mimi huuliza dirishani kabla ya huduma yoyote nini kinalipwa na nini natoa mfukoni. Nimeshajikuta na deni kwa kudhani.

Shule vilevile. Shule moja jirani ilitukataa mlangoni kwa sababu bado anavaa nepi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya siku mbili. Kumbe kuna vituo vya serikali vya tathmini ya elimu kwa watoto wenye mahitaji maalumu, vimekuwepo Kenya tangu 1984, na huhitaji kungoja mtoto afike umri wa shule kwenda. Huko ndiko walikoandika barua iliyotufungulia mlango kwenye kitengo maalumu anakosoma sasa.

Kilichotusaidia zaidi ya yote ni wale akina mama wa Jumatano. Wanakaa chini ya mwarobaini wakingoja foleni, na pale ndipo nilipojifunza wapi dawa haijaisha, daktari gani yupo siku gani, nepi za kitambaa zinashonwaje. Mwanzo waliponiona walinyamaza, baba peke yangu kati yao. Mama mmoja akasogea akanipa nafasi kwenye leso yake. "Karibu, Baba. Wako anaitwa nani?" Hakuuliza ana nini. Sasa tuna chama cha shilingi 100 kwa wiki kwa atakayelaziwa mtoto, na Jumatano alfajiri napitia wanne wa upande wetu, wa Mtongwe na Timbwani, nawashusha feri bila nauli. Nusu siku ya kazi inapotea, kama shilingi 1,200. Mke wangu siku hiyo anapumzika au anakwenda sokoni kwa raha zake. Mgongo wake haujapona kabisa.

Mwanangu anatimiza miaka sita Novemba 2025. Anakaa kwenye kiti chake bila kufungwa kifua. Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, na chapati iliyolowekwa kwenye chai hujilisha mwenyewe, polepole, nusu inamwagika. Hatembei. Daktari amesema mwaka huu nyonga zipigwe picha, maana mtoto asiyesimama nyonga zake huweza kuhama, nami safari hii nimesoma karatasi mbele na nyuma kabla ya kutoka chumbani.

Mama mkwe alikuja wiki jana. Alimkalisha mjukuu wake mapajani, akachukua mkono wake wa kulia, akaufungua taratibu, gumba likatoka. Akalishika muda. Kisha akaniambia kile kiti kimeanza kumbana nyonga.

Uzi umeshatoka kwenye sanduku la tuktuk. Jumamosi nampima.